Utitiri wa Amani na jina la bibi

Safu hii hupokea maswali kuhusu udongo na viumbe wanaoishi ndani yake. Mwezi huu nimechagua barua tatu, na zote ni za utitiri. Ya mwisho nimeipa nafasi kubwa kuliko wenzake. Barua ya namna ile nimeingojea miaka mingi.

Mbuzi na utitiri wa majani

*Habari za kazi Mwalimu. Nafuga mbuzi hapa Handeni. Bwana mifugo aliona vipande vyeupe kama punje za wali kwenye kinyesi cha watoto wa mbuzi, akasema ni minyoo tegu na wameipata kwa kula utitiri wa malishoni. Mimi utitiri namjua wa kuku. Huyu wa majani anauma? Nipulize dawa shamba zima?*

Njema, ndugu yangu. Bwana mifugo amekwambia kweli tupu. Utitiri huyo haumi mtu wala mbuzi. Chakula chake ni ukungu na majani yanayooza, na akiwa katika pitapita zake hula pia mayai ya minyoo yaliyotoka na kinyesi. Yai likiwa tumboni mwake linakua taratibu, kisha mbuzi anamla utitiri pamoja na nyasi bila kujua, na mnyoo unamalizia kukua ndani ya utumbo wa mbuzi. Mmarekani Horace Stunkard ndiye aliyefumbua njia hiyo mwaka 1937, na utitiri aliyemtumia alikuwa wa jenasi, yaani kundi la spishi zilizo jamaa, iitwayo Galumna. Likumbuke jina hilo, utakutana nalo tena hapa chini.

Dawa ya kupuliza malishoni usithubutu. Utawaua wengi wanaokutengenezea rutuba, na hutawamaliza. Watibu watoto wa mbuzi kwa dawa ya minyoo atakayokupimia bwana mifugo. Asubuhi nyasi zikiwa na umande ndipo utitiri hupanda juu, kwa hiyo ukiweza, wachelewe kidogo kutoka zizini.

"Watu wana njaa, nyinyi mnahesabu nywele za utitiri"

*Mwalimu, nakusoma kila mwezi nikiwa hapa Mombasa, na leo nakuuliza kwa heshima zote. Kuna faida gani kukaa miezi unamchora mdudu asiyeonekana kwa macho ili umpe jina? Watu wana njaa.*

Swali lako ni la haki, nami nitakujibu kwa njaa hiyohiyo.

Miaka ya 1970 mihogo ya Afrika iliingiliwa na wageni wawili kutoka Amerika ya Kusini. Mmoja ni utitiri wa kijani, ambaye hapa kwetu alionekana kwanza Uganda mwaka 1971. Mwingine ni mdudu mweupe mwenye unga unga mwilini, anayekunja majani ya kileleni mpaka yanafanana na ngumi. Huyo wa pili alipewa jina la kitaalamu mwaka 1977, Phenacoccus manihoti, kwa vielelezo vilivyotoka Kongo. Wataalamu wakaenda Amerika kumtafuta adui wake wa asili ili wamlete Afrika. Walianzia kaskazini mwa bara lile, wakamkuta mdudu aliyefanana naye, lakini maadui zake hawakufaa kitu kwa mdudu wetu. Walipomtazama vizuri chini ya hadubini wakagundua kuwa ni spishi nyingine, iliyopewa jina la Phenacoccus herreni mwaka 1981. Mwaka huohuo mdudu wetu halisi akapatikana Paraguay, na pamoja naye kinyigu kidogo kinachotaga ndani ya mwili wake. Kinyigu hicho kililetwa Nigeria kisha kikasambazwa nchi hadi nchi, na mihogo ikapona bila mkulima kununua hata kopo moja la dawa.

Tofauti ya wadudu wale wawili ilikuwa kwenye vitundu na vinywele ambavyo jicho tupu halivioni. Aliyekaa akavihesabu ndiye aliyeonyesha kwamba safari ya kwanza ilikuwa imepotea njia. Mimi mwenyewe nimekula mihogo ya miaka ile. Nilikuwa mdogo, na naukumbuka uso wa mama akirudi shambani na kikapu kitupu. Ndiyo maana sioni aibu hata kidogo kuitumia siku nzima kwa unywele mmoja.

Spishi mpya, na jina la marehemu bibi

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya pili, Morogoro. Nilikusanya majani yaliyooza chini ya mtambara katika msitu wa Amani, Usambara Mashariki, nikapata utitiri wa kahawia mwenye kitu kama mabawa mawili ubavuni. Msimamizi wangu anasema ni Galumna na huenda ni spishi mpya. Ninao wanane. Nianzie wapi kumweleza kitaalamu? Na je, naruhusiwa kumpa jina la bibi yangu aliyenilea Muheza, ambaye sasa ni marehemu? Tayari nimeliandika kwenye rasimu ya tasnifu: (jina nimelitoa mimi, sababu ipo mbele. Mwalimu).*

Marahaba mwanangu. Mungu amrehemu bibi yako. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya mwisho kwa sauti ili wa nyumbani kwangu nao wasikie.

Niwaambie kwanza wasomaji wengine tunamzungumzia nani. Utitiri ni ndugu wa buibui, kupe na nge, mwenye miguu minane akishakua. Huyu wa udongoni ana gamba gumu linalong'aa, na urefu wake ni nusu milimita hivi, yaani mbegu ya mchicha ni kubwa kuliko yeye. Yale "mabawa" ya Galumna hayaruki. Ni vifuniko viwili vyenye bawaba, na akishtuka huingiza miguu na kuvifunga juu yake kama mtu anayefunga madirisha mvua inapokuja. Jenasi hiyo ilipewa jina mwaka 1826, na tangu hapo spishi nyingi zimeingizwa ndani yake kutoka karibu kila pembe ya dunia. Spishi za utitiri wa kundi hili kubwa la udongoni zilizokwisha kupewa majina zimepita 11,000. Bado ukichota majani yaliyooza ya chini msituni Usambara, una nafasi nzuri ya kushika asiye na jina.

Hukusema uliwatoaje kwenye majani, lakini nadhani ulitumia faneli na taa. Mwitaliano Antonio Berlese aliibuni mwaka 1905, na Msweden Albert Tullgren akaweka balbu ya umeme mwaka 1918. Majani huwekwa juu ya wavu, taa inawaka juu yake, udongo unakauka kuanzia juu, na viumbe wanakimbia kwenda chini mpaka wanadondoka kwenye chupa ya spiriti. Subira ndiyo kazi yenyewe. Ukizima baada ya siku mbili utapata wenye haraka tu. Galumna wako mzito anaweza kutoka siku ya tano.

Sasa nisikilize vizuri kuhusu lebo, maana hapa ndipo nilipoumia. Nilipokuwa kijana kazini nilirudi kutoka milimani na chupa thelathini, na kila moja nilitumbukiza karatasi niliyoiandika kwa kalamu ya wino ya kawaida. Baada ya wiki mbili spiriti ilikuwa na rangi ya samawati na karatasi zote zilikuwa nyeupe. Utitiri walikuwepo wazima, lakini hakuna aliyejua yupi katoka mlima upi, na utitiri usiyejua alikotoka huwezi kumweleza. Nililia, sikufichi. Andika kwa penseli, karatasi iingie ndani ya chupa. Mahali, vipimo vya kijiografia, kimo kutoka usawa wa bahari, mti uliokuwa juu yake, tarehe, jina la mkusanyaji. Usiandike "Amani" ukaishia hapo. Chini ya mtambara na chini ya mhesi uliopandwa ni dunia mbili tofauti kwa mnyama wa ukubwa ule.

Kabla ya yote, hakikisha wanane wako ni watu wazima. Nilipata wakati fulani utitiri mweupe laini wa ajabu, nikaandika kurasa nne kueleza kwamba ni jenasi mpya kabisa. Mzee aliyenifundisha alizisoma zote bila kunikatiza, kisha akaniuliza: "Ndani ya milango ya uzazi umehesabu chuchu jozi ngapi?" Mbili, nikasema. Akanirudishia karatasi. Lava, yaani mtoto aliyetoka tu kwenye yai, ana miguu sita na hana chuchu hizo, ambazo ni vinundu vidogo tu. Kisha anapitia hatua tatu za nimfa kabla ya kukomaa: nimfa wa kwanza ana jozi moja, wa pili mbili, wa tatu tatu, na mkubwa naye tatu. Niliyemshika alikuwa mtoto wa utitiri anayejulikana siku nyingi, na hafanani na mama yake hata kidogo. Wataalamu wa karne ya 19 walinaswa na mtego huohuo, wakawapa mtoto na mzazi majina mawili. Wako ana gamba gumu na mabawa, kwa hiyo umevuka hapo, lakini hesabu hata hivyo.

Kisha mng'arishe. Mtie kwenye asidi ya laktiki, umwache siku kadhaa mpaka gamba la kahawia liwe kama kioo cha taa ya chemli na uone hata mayai tumboni, kama ni jike. Mweke kwenye slaidi yenye shimo, kifuniko kifunike nusu tu, na kwa ncha ya unywele uliougandisha kwenye kijiti umgeuze taratibu: mgongo, tumbo, ubavu, uso. Nasema unywele na namaanisha unywele, ukope wako mwenyewe unafaa sana. Sindano itampasua. Na usimbane chini ya kioo bapa. Galumna ni duara kama kunde, ukimbandika atapasuka na vipimo vyako vyote vitakuwa vya uongo.

Sasa tazama, na andika unachokiona kabla ya kutazama vitabu. Urefu pima akiwa amelala ubavu, kutoka ncha ya pua hadi mwisho wa mgongo, kwa mikromita. Nyuma ya kichwa, kila upande, kuna kikombe kidogo na ndani yake unywele wa hisia: je, ni uzi mtupu, una kichwa kama rungu, au umetuna katikati kama mkuki? Una miba midogo au ni laini? Mgongoni tafuta mabaka yenye vitundu vingi kama chekecheo. Mara nyingi utakuta jozi nne. Chora umbo la kila baka, maana kwa Galumna hapo ndipo spishi nyingi hutengana. Mmoja ana mabaka ya mviringo, mwenzake ana marefu kama ndizi. Pembeni mwa kichwa kuna mistari miwili kila upande, ona inapoanzia na inapoishia. Geuza tumbo. Milango ya uzazi kwa kawaida ina jozi sita za vinywele, ya haja kubwa jozi mbili, na pembeni yake kuna jozi tatu nyingine. Ukihesabu tofauti na hivyo, usishangilie. Hesabu kwa wanane wote, kushoto na kulia, maana unywele huvunjika na shimo lake likabaki. Shimo linahesabika.

Vinywele hivyo vina majina yake ya herufi, na utayakuta duniani kote. Tunadaiwa shukrani na Mfaransa François Grandjean, aliyezaliwa 1882 na kufariki 1975. Alianza kwa kusoma madini, kisha akaugeukia utitiri na kukaa nao maisha yake yote. Yeye ndiye aliyetuonyesha kwamba unywele wa miguuni una mahali pake, na kwamba mahali hapo hurithiwa kama sura ya ukoo. Nikikwama huwa nafungua michoro yake. Hakuna kivuli cha urembo ndani yake, kila mstari unajibu swali.

Na wewe utachora. Picha za kamera piga, zinasaidia, lakini kamera hukuonyesha tabaka moja tu la kina kwa wakati mmoja, na mkono ndio unaokulazimisha kuamua. Tumia lile bomba la kuchorea la hadubini lenye kioo ndani, linalokuonyesha penseli yako ikiwa juu ya mnyama. Mchoro wa mgongo peke yake utakuchukua siku mbili au tatu. Mimi hufanya saa za asubuhi, kabla macho hayajachoka.

Baada ya hapo ndipo unaanza kuuliza kama ni mpya. Mwombe msimamizi wako orodha ya dunia ya utitiri hawa ambayo Luis Subías wa Madrid ameitunza tangu 2004. Kisha soma maelezo ya kila Galumna wa Afrika, mmoja mmoja. Kuna ya Ivar Trägårdh ya mwaka 1908, kutokana na msafara wa Waswidi Kilimanjaro na Meru. Kuna ya János Balogh wa Hungaria, aliyeandika kuhusu utitiri wa Afrika ya tropiki miaka ya 1950. Kuna ya mwenzake Sándor Mahunka wa makumbusho ya Budapest, aliyewapa majina wengi sana, wakiwemo wa Afrika Mashariki. Mengine yameandikwa kwa Kijerumani au Kifaransa, na michoro ya zamani inakosa mambo unayoyahitaji. Hapo hutakuwa na njia isipokuwa kuomba kukitazama kielelezo chenyewe, na vielelezo vingi vya udongo wetu vimelala Budapest, Geneva na Tervuren. Jambo hili linanichoma. Mtoto wa Muheza anayetaka kumjua utitiri wa nyuma ya nyumba yao asilazimike kuandika barua Ulaya.

Kwa hiyo nakuomba kitu. Kati ya wanane wako chagua mmoja aliyekamilika, asiyevunjika hata unywele. Huyo ndiye holotaipu, mnyama anayelishikilia jina milele. Siku yoyote watu wakibishana, watarudi kwake. Wenzake saba ni parataipu. Gawa: wengine wapeleke kwenye makumbusho ya nje ili wataalamu wa huko wawaone, lakini holotaipu abaki Afrika Mashariki, kwenye mkusanyiko wenye mtu anayeongeza spiriti inapopungua. Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, yana sehemu ya viumbe wasio na uti wa mgongo. Chuo chako kikiwa na kabati na mtunzaji wa kudumu, ni bora zaidi. Uliza nani ataitazama chupa miaka ishirini ijayo, na usikubali jibu la "tutaona". Nambari za vibali vyako vya utafiti na vya kukusanya hifadhini ziandike kwenye makala yako. Ukitaka kupima vinasaba tumia parataipu, holotaipu usimguse.

Tuje kwa bibi. Ndiyo, unaruhusiwa, na ni heshima njema. Kwa jina la mwanamke mmoja tunaongeza -ae mwishoni, kwa mwanamume -i. Fatuma angekuwa fatumae. Jina la mahali hupata -ensis. Likiwa neno la sifa la Kilatini lazima lifuate jinsia ya jenasi, na Galumna ni ya kike. Kwa sisi tuliozoea ngeli hilo halitupi shida, tunajua mti huwa mrefu na kiti huwa kirefu. Waweza pia kuchukua neno la lugha yako likabaki lilivyo. Yule utitiri wa kijani wa muhogo niliyemtaja juu anaitwa tanajoa, nalo ni jina walilomwita wenyeji wa Brazili kabla mtaalamu hajamwandika mwaka 1938.

Lakini lifute kwenye tasnifu. Tasnifu kwa kawaida haihesabiki kuwa chapisho la kutoa jina, ila nakala zake husambaa, na mtu mwingine akilichukua au akalichapisha vibaya utaleta vurugu ambayo wengine watakuja kuisafisha kwa miaka. Andika "Galumna sp. 1" hapo. Ndiyo sababu nimelitoa kwenye barua yako. Sitaki gazeti hili liwe mahali lilipoonekana kwanza. Jina litazaliwa kwenye jarida la kisayansi, pamoja na maelezo, michoro, na mahali holotaipu alipo. Jarida likiwa la mtandaoni tu, hakikisha makala yako imesajiliwa ZooBank, ile rejista ya mtandaoni ya majina ya wanyama, kabla haijatoka. Sheria hiyo ipo tangu 2012.

Na kwenye kifungu cha asili ya jina, usiandike tu "bibi wa mwandishi". Andika alikuwa nani: alilima nini, alikufundisha nini kuhusu udongo, aliishi kijiji gani. Kifungu hicho ni cha mistari miwili mitatu, na mtu wa mwaka 2120 atakisoma.

Anza na mchoro wa tumbo. Ukiumaliza nitumie kupitia ofisi ya gazeti, na useme wazi ulihesabu kwa wangapi.